Zamu ya Tone

Mpiga pasi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza aliijua kila mtu: kunyoosha mashuka katika nyumba ya dobi iliyo nyuma ya hospitali kubwa, tangu asubuhi mpaka vifundo vya miguu vivimbe. Ya pili waliijua wachache: kukariri kitabu cha katuni kutoka jalada hadi jalada, picha kwa picha, kisha kwenda kukisema kwa sauti ya juu mbele ya wavu wa rumande, ambako mwanawe wa pekee alikuwa akingoja kesi.

Kitabu kiliitwa Kikosi cha Zamu, na kilitoka kila wiki. Ndani yake mlikuwa na mashujaa saba wanaoulinda mji mmoja. Mzee Radi alirusha umeme kwa vidole ingawa magoti yalimsumbua. Bibi Kioo aliingia kwenye kioo cha nyumba hii akatokea kwenye kioo cha nyumba ile. Walikuwapo Pacha wawili waliogawana kivuli kimoja, na Chuma Chakavu, fundi gari mwenye mikono aliyojiundia mwenyewe kwa vyuma vya kutupwa. Alikuwapo msichana Kimya, ambaye akifungua kinywa sauti zote hufa. Na wa mwisho, mdogo kuliko wote, alikuwa Tone, kijana anayegeuka maji akapita chini ya mlango wowote.

Saba hao hawakupewa nafasi pamoja. Kila toleo lilikuwa la mmoja wao, na wengine walipita pembeni kama majirani. Ukimpenda mmoja ilibidi uvumilie. Leo unamwacha Bibi Kioo akining'inia kwenye ukingo wa ghorofa, wiki ijayo unafungua kitabu unakuta habari za Chuma Chakavu na gereji yake, na huyo Bibi humwoni tena mpaka zamu yake izunguke irudi.

"Sasa mwanamke wa watu wamemwacha hapo hapo?" mpiga pasi aliuliza mara ya kwanza alipoelewa.

"Ndiyo, mama. Ndivyo kinavyokwenda."

"Mikono haimchoki?"

Mwanawe alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa mama yake akajuta kumchekesha.

Kijana huyo alizaliwa na pumu. Tangu akiwa mchanga mama yake alilala na sikio moja wazi, akifuatisha pumzi zake gizani. Mama mwenyewe aliacha shule darasa la nne. Baba wa mtoto aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, akapotelea huko huko. Tangu hapo akawa mtu wa kuhofia kila kitu. Jiko limezimwa? Komeo limeingia? Mtoto kavaa fulana? Wenzake wa dobi walimwita Mama Hakikisha, na jina likamganda. Mtoto alipokatazwa mpira kwa sababu ya vumbi, alijifungia ndani na vitabu vya katuni vya kuazima. Mama alishukuru kwamba karatasi haimzibi mtu kifua. Zaidi ya hapo hakujali mlikuwa na nini.

Kijana alikua, akapata kazi ya kuandika mizigo kwenye ghala la matairi. Asubuhi moja matairi yakaonekana hayapo. Polisi wakawazoa wote waliokuwa zamu. Wenzake walitoka kwa dhamana, maana walikuwa na ndugu wenye nyumba. Mama Hakikisha alikuwa na chumba cha kupanga, kitanda na pasi, na pasi yenyewe ilikuwa ya mwajiri.

Siku ya kwanza kwenda kumwona alijiandaa kuulizwa habari za wakili. Kijana alishika wavu, macho yamemwiva mekundu, akauliza, "Mama, Kikosi kimetoka?"

"Mwanangu, uko rumande unaniuliza vibonzo?"

"Kimetoka au hakijatoka?"

Alikwenda akakinunua. Afande wa mlangoni, mwanamke mnene aliyepekua mifuko, alikitoa kwenye kikapu akakipunga hewani. "Hiki hakipiti, mama. Karatasi yoyote haipiti. Hata gazeti la kufungia sabuni nalichana hapa hapa." Basi Mama Hakikisha alikaa kwenye benchi la nje, akakisoma chote akifuata maneno kwa kidole, halafu akaingia akamsimulia mwanawe alichokumbuka. Kilikuwa kidogo na kimechanganyika. Kijana alisikiliza kama mtu anayekunywa maji.

Kijana naye alikwenda akamsimulia mtu aliyelala ubavuni mwake, ili asahau kifua chake tu. Mtu wa pili akasogea. Nyapara wa chumba akasikia. Huyo nyapara ndiye mahabusu aliyekaa mule muda mrefu kuliko wote, na ndiye aliyegawa mahali pa kulala. Chumba kilijengewa watu wachache na kilijaa wengi, hata kugeuka ubavu ilibidi mpatane. Kilikuwa na dirisha moja, juu, na kwenye pembe nyingine ndoo ya haja, isiyofunikika. Anayelala chini ya dirisha anapumua. Anayelala penye ndoo anahesabu saa.

"Kesho utuendelezee," nyapara alimwambia kijana. "Na uje ulale hapa dirishani. Redio isiyo na pumzi haisikiki."

Tangu siku hiyo mle ndani aliitwa Redio. Na tangu alipoambiwa habari hiyo, Mama Hakikisha hakukiona tena kile kitabu kama mchezo. Kilikuwa hewa ya mwanawe. Dawa ya kuvuta aliyompelekea ilikaa kwenye meza ya askari, na kuipata ilitegemea askari gani yuko zamu na kaamkaje. Dirisha halikutegemea askari. Lilitegemea hadithi, na hadithi ilimtegemea yeye.

Kwa kuwa karatasi haikuruhusiwa, alitafuta njia. Kila ukurasa aliupa shuka lake. Ukurasa wa kwanza, shuka la kwanza la asubuhi: anakunja pindo la kulia huku akisema moyoni, Mzee Radi yuko kwenye ngazi; anakunja la kushoto, mlango umefungwa kwa ndani; anapitisha pasi katikati, anaona damu kwenye kitasa. Rundo likifika kifuani, toleo limeisha. Na alipofika kwenye wavu mikono yake ilikunja hewa yenyewe, kulia, kushoto, katikati, na picha zikaja moja baada ya nyingine. Nyavu zilikuwa mbili, na katikati ujia wa askari, kwa hiyo kila mtu alipiga kelele. Mmoja anapaza, "Mwambie mjomba asiuze ile baiskeli!" Wa pili analia msiba. Katikati yao Mama Hakikisha, na kitambaa kimemwanguka shingoni, anapiga ukelele: "Kivuli kimechanika! Pacha mmoja kabaki hana!"

Hata afande wa mlangoni aliingia mtegoni.

"Mama Hakikisha, leo zamu ya nani?"

"Ya Pacha, afande."

"Hao siwapendi. Bibi Kioo lini?"

"Bado ananing'inia."

"Mpaka leo! Hao wachoraji hawana mama?"

Mle chumbani kila mahabusu alikuwa na wake. Wezi wa simu walimpenda Bibi Kioo. Mzee mmoja aliyeshitakiwa kwa ugomvi wa shamba alimpenda Mzee Radi kwa sababu ya magoti. Lakini Tone alipendwa na wote, na sababu haikuhitaji kuelezwa kwa watu waliofungiwa mlango wa chuma. Zamu yake ilipofika nyapara aliamuru kimya kabla hata Redio hajafungua mdomo.

Basi ikafika wiki mbaya.

Mama Hakikisha alikwenda mahakamani asubuhi, akamngoja wakili wa msaada kwenye korido. Wakili alikuja anatembea huku anaongea na watu wengine. Alimwambia kwamba hakimu amehamishwa. Atakuja mwingine. Kesi itaanza upya, mashahidi waitwe upya, na shahidi mmoja amehama, hajulikani aliko.

"Upya maana yake nini, mwanasheria?"

"Upya, mama. Kama vile haijaanza."

"Na hii miezi yote aliyokaa?"

Wakili alimgusa bega, akaitwa, akaenda.

Alirudi dobi akafunga aproni. Kikosi kilikuwa kimetoka siku hiyo, na ilikuwa zamu ya Tone. Alifungua mezani akaanza kusoma huku pasi ikipata moto. Kiwanda cha unga kiliwaka. Wafanyakazi walinaswa juu, na ngazi zilikuwa moto mtupu. Hakukuwa na maji mtaani, mabomba yote makavu. Mzee Radi hana la kufanya, umeme hauzimi moto. Ndipo Tone akavua viatu akaviweka pembeni vizuri, akajimwaga. Alitandaa ngazi baada ya ngazi, na watu wakashuka juu yake wakikimbia. Kurasa nzima za mvuke. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mweusi wote, hauna neno, na katikati yake vile viatu.

Aliugeuza. Hapakuwa na ukurasa mwingine. Alinusa kitu kinaungua. Shuka lilikuwa limepata alama ya pasi, kahawia, katikati kabisa.

"Mama Hakikisha leo hakuhakikisha!" mwenzake wa meza ya jirani alicheka. Alipomwona uso akaacha.

Siku ya kuonana kijana alitoka akiwa amejishikilia ukutani. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alisema dawa ilikwisha, askari wa meza kaambiwa, askari wa meza kasema ataangalia. Akasema hayo haraka haraka, kama mtu anayelipa nauli ili gari liondoke, halafu akauliza, "Mama, Tone?"

Mikono ilianza kukunja yenyewe. Kulia, kiwanda. Kushoto, ngazi. Katikati, viatu. Alifika kwenye mvuke na mikono ikasimama hewani.

"Halafu?"

Alimwangalia shingo, jinsi ngozi ilivyokuwa ikiingia ndani kila akivuta hewa.

"Halafu akaingia kwenye mfereji," mama alisema.

"Mfereji gani?"

"Wa maji machafu. Kule chini ya kiwanda. Wenzake wanadhani amekufa, wameona viatu tu. Lakini yuko kwenye mabomba, chini ya mji. Anatembea huko."

Kijana alilaza paji la uso kwenye wavu. Alitabasamu. "Nilijua," alisema. "Hawawezi kumuua Tone. Na kesi?"

"Inakwenda vizuri. Wakili anasema tuvumilie kidogo."

Njiani kurudi alijipigia mahesabu ya mtu mwenye hofu. Zamu ya Tone ndiyo imepita sasa hivi. Kuna wengine wote wa kuzunguka kabla haijarudi. Mpaka hapo kijana atakuwa nje, watakaa kitandani wote wawili, atamwonyesha ukurasa mweusi kwa macho yake na kumwomba radhi. Alisahau, au alijisahaulisha, kwamba ametoka kuambiwa kesi haijaanza. Uongo wa kwanza ulisimama juu ya mabega ya uongo wa pili, naye hakuona kwamba wote wawili hawana miguu.

Habari za Tone kwenye mabomba ziliwapandisha watu wa chumba kile. Nyapara alichukua kipande cha mkaa akamchora Tone ukutani karibu na mlango, sura ya tone lenye macho. Kila aliyeitwa kwenda mahakamani alimgusa anapotoka. "Tupitishe chini, bwana mdogo," walimwambia. Mmoja aligusa akaachiwa siku ile ile, na tangu hapo hakutoka mtu bila kugusa.

Mama Hakikisha alisikia hayo kwenye wavu. Kazi yake sasa iliongezeka, maana matoleo yaliyofuata yalijaa msiba. Mashujaa sita walifunga vitambaa vyeusi mkononi. Yeye akavifungua vyote kimoja kimoja kabla ya kufika rumande. Kimya alikaa kaburini, yeye akamkalisha bustanini. Mzee Radi alilia kurasa mbili akikumbatia vile viatu, naye akasema ni magoti.

"Magoti ndiyo yanamliza hivyo?" kijana alishangaa.

"Wewe yakupate uone."

Kisha akaletwa kinyozi.

Alikuwa mtu mzima, mcheshi, aliyekamatwa kwa kununua mashine ya kunyolea iliyoibwa. Kinyozi huyu alikuwa na kibanda chenye benchi la wateja, na juu ya benchi rundo la Kikosi cha Zamu tangu toleo la kwanza, ili wanaongoja wasiondoke. Alikuwa amekisoma chote. Siku yake ya pili mle ndani Redio alisimulia, na kinyozi alisikiliza kwa adabu mpaka alipofika kwenye mabomba.

"Mabomba gani tena, ndugu yangu?" aliuliza. "Tone si amekufa?"

Hakuwa na ubaya wowote. Aliwaeleza mvuke, akawaeleza ukurasa mweusi. Akawaeleza vitambaa vya mkononi. Alisema wateja wengine walifuta machozi kwa lile shuka wanalofungwa shingoni wakati wa kunyolewa. Alipomaliza aliona watu hawamwangalii yeye, wanamwangalia Redio.

Juma hilo afande wa mlangoni hakuuliza ni zamu ya nani. Alishika kikapu, akakaa nacho kidogo.

"Mama," alisema, "mwanao hayuko vizuri. Nimewaambia wa mezani kuhusu dawa. Nimewaambia mimi mwenyewe."

Kijana alitoka na jicho moja limevimba. Pumzi yake ilisikika kuvuka ujia, katikati ya kelele zote zile, mluzi mwembamba unaopanda.

"Nani kakupiga?"

"Waache. Nipo penye ndoo." Alivuta hewa. "Nyapara kamfuta Tone ukutani kwa kanzu yangu. Wamesema nimewachezea. Kuna mzee aligusa ule mchoro asubuhi, jioni karudi na miaka saba. Anasema nimemgusisha maiti."

"Sikiliza, mwanangu..."

"Wewe ndiye ulitunga au mimi nilisikia vibaya? Niambie tu."

Mama Hakikisha alishika chuma. "Ulikuwa hupumui," alisema. "Niliona hupumui."

Pembeni yao mwanamume mmoja alikuwa akimwimbia mtoto wake wimbo wa shule huku akimkaripia apige makofi.

"Nihadithie kama ilivyochorwa."

"Sasa ya nini, na wamekwisha..."

"Mama. Kama ilivyochorwa."

Akamhadithia. Mikono ilikunja: kulia, kushoto, katikati. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Viatu, ngazi, watu wanakimbia juu yake. Mvuke. Alipofika kwenye ukurasa mweusi alikaa kimya kwa muda ambao angeutumia kuupiga pasi, maana haukuwa na maneno. Kijana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu chake kilichopotea akakikuta kimevunjika.

"Na kesi?" alisema. "Nayo kama ilivyo."

Hapo ndipo alipotamani askari apige kengele. Askari alikuwa anachokonoa meno.

"Hakimu amehamishwa," mama alisema. "Inaanza upya."

"Tangu lini?"

"Tangu Tone."

Kijana aliachia wavu. Hakukasirika, na mama yake angependa akasirike. Aliuliza jambo moja tu, kama angeweza kumletea koti zito kwa sababu sakafu ya kule penye ndoo haikauki, kisha kengele ikapigwa.

Wiki iliyofuata Mama Hakikisha alikwenda dobi, akanyoosha mashuka, akakariri toleo. Lilikuwa la Bibi Kioo. Alikuwa ameshuka hatimaye kutoka kwenye ukingo, mikono imechubuka. Alilikariri neno kwa neno, hata namba za kurasa. Alifikiri ukweli ukisemwa sawasawa utamrudisha mwanawe dirishani. Kwenye wavu alianza kabla ya salamu.

"Usiniambie," kijana alisema.

"Hii ni kweli tupu. Naapa."

"Nyapara kakataza. Akisikia hadithi mdomoni mwangu nahama hata penye ndoo, nalala nimesimama. Redio sasa ni kinyozi." Alikohoa akiwa ameinama, mkono kifuani, muda mrefu. Aliponyanyuka macho yalikuwa na maji. "Hata asingekataza. Kutoka kwako sitaki, mama. Sitajua lipi limechorwa na lipi umelitia wewe."

Alisema kwa upole kabisa. Mama Hakikisha alisimama pale akiwa na Bibi Kioo mzima kichwani, na hakujua amweke wapi.

Aliporudi siku nyingine foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa khanga mbili za rangi tofauti, kama mtu aliyetoka nyumbani mbio, analalamika peke yake kwa sauti.

"Mwanamume mzima, ndevu kifuani, namletea habari za watoto ananiuliza vibonzo! Eti toleo jipya limesemaje. Mimi nitajuaje limesemaje? Kusoma kwenyewe sijui."

"Mumeo ni kinyozi?" Mama Hakikisha aliuliza.

Mwanamke aligeuka. "Umemjuaje?"

"Mwanangu yuko chumba kimoja naye."

"Basi mwambie mwanao amsimulie, dada yangu, mimi nina njaa ya watoto. Anasema yake yamekwisha, anajua mpaka siku aliyokamatwa tu. Anasema asipopata mapya wanamtoa kwenye sehemu nzuri."

Mama Hakikisha aliangalia mlango, akaangalia foleni. Kama angetaka angenyamaza. Kinyozi angeishiwa, nyapara angechoka, na labda, siku moja, wangemkumbuka Redio wa kwanza. Lakini siku moja ni lini, kwa kifua kile?

"Nitakufundisha mimi," alisema. "Kila wiki, hapa hapa kwenye foleni. Yote, kama yalivyochorwa. Ila kuna jambo utamwomba mumeo."

Mwanamke alisikiliza sharti, akamtazama vizuri mara ya kwanza. "Mwanao akikohoa apishwe dirishani? Hilo tu?"

"Hilo tu."

Basi wakasimama foleni, Mama Hakikisha akampa Bibi Kioo, ukurasa kwa ukurasa. Alimfundisha na mikono. Mwanamke alikunja hewa vibaya, akaanzia kushoto, akacheka, akaanza tena. Watu wa nyuma waliwatazama wakadhani ni wendawazimu wawili.

Jibu la kinyozi lilikuja siku hiyo hiyo, kwa kupaza sauti kutoka upande wake wa wavu. "Shikamoo, mama! Nyapara hataki ahame moja kwa moja. Lakini usiku akibanwa sana nitampisha, mpaka atulie. Zaidi ya hapo sina uwezo!"

"Nashukuru, baba," alijibu. Ilikuwa nusu dirisha, na la usiku wa kubanwa tu. Alilipokea.

Wiki zikaenda. Hakimu mpya alikaa siku moja akaahirisha. Shahidi aliyehama hakuonekana. Kijana alikonda, koti zito aliloletewa likamning'inia mabegani. Alikuja kwenye wavu kila juma kwa sababu anaitwa, akajibu anachoulizwa. Umekula? Nimekula. Dawa? Walinipa Jumatatu. Kifua? Hivyo hivyo. Mama alitafuta habari za dobi, za mwenye nyumba, za mashine mpya ya kukamua maji inayopiga kelele. Zilikwisha upesi.

Siku moja, hatua chache kutoka kwao, mke wa kinyozi alikuwa amefika katikati ya toleo la Kimya. Alikuwa amevurugavuruga. Pacha amewafanya watatu, na Mzee Radi amempa mikono ya Chuma Chakavu. Kinyozi alimkatiza, "Ngoja, mke wangu, mikono ya nani?"

Mama Hakikisha alikuwa anamwuliza mwanawe kama sakafu ya penye ndoo bado haikauki. Hakujibiwa. Kijana alikuwa amegeuza kichwa upande wa yule mwanamke, sikio limeegemezwa kwenye chuma, midomo inatembea taratibu kusahihisha. Mama alifungua kinywa amwite. Akakitazama kifua, kinapanda kwa shida, kinashuka, kinapanda. Akafunga kinywa, akasimama kimya kabisa, ili sauti yake isimzuie kusikia.